Chipsi Zinapolegea, Kuungua au Kunywa Mafuta: Kutafuta Chanzo Kabla ya Kulaumu Moto

Mkaangaji anayelalamikiwa na wateja kwa kawaida hukimbilia moto. Huuongeza chipsi zikilegea, huupunguza zikiungua, na asipofaulu humwaga mafuta na kununua mengine kwa hasara. Nimekaanga chipsi mjini Nakuru kwa miaka mingi, mwanzo kwa karai juu ya jiko la makaa na sasa kwa mashine ya gesi yenye makapu mawili, na nimezoea kufuata njia iliyo kinyume na hiyo: huanza na gunia, nikaenda kwenye ndoo ya maji, nikamalizia na moto. Kosa huonekana karaini, lakini mara nyingi lilikwisha kuingia siku mbili, au hata miezi miwili, kabla ya karai kuinjikwa.

Kabla ya kutafuta ugonjwa, ni vyema tukubaliane kuhusu afya. Chipsi nzuri ukiishika ncha moja, ncha ya pili haiinami. Ganda lake ni jembamba, kavu na lenye rangi ya dhahabu, na ukiivunja hutoa mvuke, nyama yake ikawa ya unga kama kiazi kilichochemshwa kikaiva barabara. Ganda ni ile sehemu ambayo maji yake yamekwisha kutoka. Moyo bado una maji, na maadamu una maji hauwezi kupata moto kupita kiwango cha maji kuchemka, hata mafuta yawe kwenye nyuzi 180 za Selsiasi. Hapa kwetu jambo hili lina uzito wa pekee. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na maji yake huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Kisumu, iliyo karibu mita 1,130, maji yake huchemka kwenye nyuzi 96. Maelekezo yaliyoandikwa pwani au Ulaya huchukulia nyuzi 100, kwa hiyo muda yanaoutaja hutupungukia, na mtu anayeufuata kwa uaminifu hupata chipsi yenye moyo mgumu akadhani kiazi ni kibovu. Ongeza dakika moja au mbili katika hatua ya kuivisha, na joto la mafuta liache lilivyo.

Chipsi inayolegea kabla mteja hajaimaliza

Hili ndilo lalamiko ninalolisikia kuliko yote, na swali la kwanza ni ulegevu unaanza lini. Ikiwa chipsi imetoka kwenye mafuta tayari imelegea, shuku kiazi chenyewe au mafuta yaliyopoa. Ikiwa imetoka ikiwa kavu na imesimama, kisha ikalegea baada ya dakika chache, shuku ukaangaji wa mara moja, kabati la vioo, au mfuko wa kufungia.

Tuanze na kiazi. Kiazi ni maji kwa karibu asilimia 80, na sehemu kavu inayobaki, hasa wanga, ndiyo inayojenga ganda na kuujaza moyo. Kwa chipsi tunataka sehemu kavu ya asilimia 20 hadi 24. Tofauti hii ni kubwa kuliko inavyosikika: kilo 100 za viazi vyenye asilimia 24 hukupa kilo 24 za kiazi halisi, ilhali kilo 100 zenye asilimia 18 hukupa 18 tu, na zile nyingine ni maji utakayoyalipia gesi ili yageuke mvuke. Kipimo chake hakihitaji maabara. Koroga gramu 125 za chumvi katika lita moja ya maji mpaka iyeyuke yote, kisha tumbukiza kiazi kizima kilichooshwa. Kiazi chenye sehemu kavu ya kutosha huzama, na chenye maji mengi huelea. Jaribu viazi kumi kutoka juu, katikati na chini ya gunia, kwa maana vya juu ndivyo vilivyopangwa vionekane. Vikielea saba kati ya kumi, gunia hilo lipeleke kwenye mchuzi na mukimo. Hakuna moto utakaolifanya litoe chipsi nzuri.

Sokoni hakuna nafasi ya ndoo ya chumvi, kwa hiyo huko hutumia kisu. Kata kiazi katikati, kisha sugua nusu hizo mbili uso kwa uso kwa mwendo wa duara. Kiazi cha wanga hutoa povu jeupe, zito kama maziwa ya kwanza, na baada ya kusugua mara kumi nusu hizo hushikana kiasi kwamba ukiinua ya juu, ya chini huifuata. Kiazi cha maji hutoa matone maangavu na nusu zake huteleza. Wauzaji wamenizoea na huniachia kiazi kimoja cha kujaribia. Anayekataa kisikatwe hata kimoja, mimi huendelea na safari yangu.

Kuhusu aina, Shangi ndiyo iliyotapakaa nchini, kwa kuwa huzaa sana na huiva haraka jikoni. Ikiwa imekomaa na haijakaa, hutoa chipsi nzuri. Shida yake ni kwamba huchipua mapema mno baada ya kuvunwa, na kiazi kinachochipua hugeuza wanga wake kuwa sukari ya kulisha machipukizi, kwa hiyo gunia la Shangi lisikae stoo kama gunia la mahindi. Dutch Robijn, yenye ganda jekundu, ina sehemu kavu nyingi, lakini macho yake yameingia ndani na hukupotezea nyama katika kumenya. Markies ni ndefu kidogo na ilikuzwa kwa kazi hii hasa; nikiipata huinunua hata ikiwa bei yake iko juu. Januari 2022, mkahawa mmoja wa kimataifa ulipoishiwa na chipsi nchini kwa sababu viazi vyake vilitoka ng'ambo, Wakenya wengi waliuliza kwa nini viazi vya Molo na Nyandarua havinunuliwi. Lilikuwa swali la haki. Ardhi yetu inazaa kiazi cha kutosha na kizuri. Tunachokosa ni gunia linalofanana na lile la jana, lisilochanganya aina tatu na umri wa aina mbili, na nina hakika hilo linaweza kurekebishwa shambani na sokoni.

Kiazi kikiwa kizuri na chipsi bado inalegea, tazama idadi ya mikaango. Ukaangaji wa mara moja hutoa ganda jembamba mno, ambalo unyevu wa moyo hulilainisha ndani ya dakika mbili tatu. Kaanga kwanza kwenye nyuzi 150 kwa dakika sita au saba, mpaka chipsi iwe laini ukiibonyeza na bado haijashika rangi. Itoe, itandaze safu moja juu ya wavu, na uiache ipoe kwa nusu saa au zaidi. Katika mkaango huo wa kwanza, wanga wa juu huvimba na kuwa kama gundi inayoizunguka chipsi. Inapopoa gundi hiyo hukaza, na unyevu wa ndani hujigawa upya. Mkaango wa pili, nyuzi 180 kwa dakika mbili au tatu, huigeuza gundi hiyo kuwa ganda la kweli. Mwenye friza anaweza kugandisha chipsi baada ya mkaango wa kwanza, na hapo hupata ubora zaidi, kwa sababu chembe za barafu hutoboa kuta za kiazi na maji hupata njia ya kutoka kwa haraka. Hivyo ndivyo chipsi za mikahawa mikubwa zinavyofika jikoni mwao: zimekwisha kuguswa na mafuta mara moja, zikagandishwa.

Kuhusu kabati la vioo lenye balbu, lile ambalo kila kibanda kinalo mbele, nasema bila kusita kwamba limeharibu chipsi nyingi kuliko mafuta mabovu. Chipsi iliyoiva huendelea kutoa mvuke, kioo huuzuia, mvuke hugeuka matone na kurudi juu ya ganda. Baada ya dakika kumi unachouza ni kiazi kilichopata mvuke. Dawa ni kuweka katika kabati chipsi za mkaango wa kwanza, zilizopoa na zenye rangi hafifu, na kuzipeleka kwenye mafuta mteja anapoagiza. Watu husema mteja hana subira. Ni dakika tatu, na muda huohuo ndio anaotumia kutafuta pesa kwenye simu na kuchagua kinywaji.

Nje nyeusi, ndani mbichi

Mwaka mmoja, mwezi wa Mei, wakati viazi vilipokuwa adimu na bei imepanda, nilinunua gunia lililoonekana safi kuliko kawaida, viazi vinang'aa na ganda jembamba kama karatasi ya sigara. Chipsi zake zilipata rangi ya kahawa ndani ya dakika moja na nusu, zikawa na uchungu, na ukizivunja zilikuwa na uti mweupe usioiva. Nilipunguza moto, zikatoka vilevile nyeusi na juu yake zikajaa mafuta. Jioni ile nilirudi sokoni kwa mama aliyeniuzia.

“Mama, viazi vile vilivunwa lini?”

“Juzi, mwanangu. Mwenye shamba hakungoja, bei ilikuwa nzuri.”

Alichukua kimoja na kukipitishia kidole gumba, na ganda likatoka lote kama ngozi ya nyanya iliyomwagiwa maji moto. Hiyo ndiyo dalili niliyopaswa kuiona mwenyewe. Kiazi kilichochimbwa kabla ya kukomaa bado kina sukari ambayo haijageuka wanga, na sukari hiyo, ikikutana na asidi amino za kiazi ndani ya mafuta moto, hutoa rangi nyeusi na uchungu muda mrefu kabla ya moyo kuiva. Mkulima mwangalifu hukata majani wiki mbili hivi kabla ya kuchimba, ganda likakomaa ardhini. Siku hizi kidole gumba hunitangulia kabla ya kisu.

Chanzo cha pili cha sukari ni baridi. Kiazi kibichi kikikaa chini ya nyuzi 7 hivi, huanza kugeuza wanga kuwa sukari, kwa hiyo anayeweka viazi vibichi kwenye friji ili “visiharibike” anaviharibu. Habari njema ni kwamba hali hii hurudi nyuma kwa kiasi kikubwa: vitoe, viweke mahali pakavu pasipo na mwanga, penye nyuzi 15 hadi 18, kwa wiki mbili au tatu, na sehemu kubwa ya sukari itapungua. Kiazi kichanga hakina dawa ya namna hiyo. Ikiwa chipsi moja inaungua ncha moja tu na kwingine ni ya dhahabu, kiazi hicho kilipata kiu au joto kali kikiwa shambani, sukari ikajikusanya upande mmoja. Ncha hizo hukatwa.

Ukiwa tayari umelinunua gunia la namna hiyo na kesho ni siku ya kazi, maji moto yatakusaidia. Changanya vipimo vitatu vya maji yanayochemka na kimoja cha maji ya bomba. Kwa mwinuko wa Nakuru utapata karibu nyuzi 75. Tumbukiza chipsi zilizokatwa, maji yakiwa mengi, sufuria iwe juu ya moto mdogo ili joto lisishuke, na uziache dakika kumi. Sukari ya juu hutoka na maji, na joto hilo la wastani huimarisha pektini, yaani ile gundi inayoshikanisha chembe za kiazi, kwa hiyo chipsi haivunjiki ovyo. Zichuje, zikauke, kisha uendelee na mkaango wa kwanza.

Rangi nyeusi isichukuliwe kuwa suala la ladha peke yake. Sukari na asidi amino iitwayo asparajini zinapounguzwa pamoja hutoa akrilamaidi, kemikali ambayo wataalamu wa afya wanashauri ipunguzwe katika chakula, na ndiyo sababu mimi hutoa chipsi zikiwa za dhahabu hata mteja akisema anapenda zilizokauka sana. Vilevile, kiazi kilichopigwa na mwanga kikawa kijani kina sumu ya solanini, ambayo haiondoki kwa kukaangwa. Ukijani mdogo huondolewa kwa kukata kwa kina. Kilichoenea kijani hutupwa.

Chipsi iliyokunywa mafuta

Wengi hudhani mafuta huingia wakati chipsi imo karaini. Ikiwa mafuta ni moto wa kutosha, mvuke unaotoka kwa nguvu huyazuia yasiingie. Mafuta mengi huingia chipsi inapotolewa: mvuke uliobaki ndani hupoa, nafasi hubaki wazi, na mafuta yaliyoshika juu ya uso hufyonzwa kama maji kwenye sifongo. Kwa hiyo zile sekunde 20 au 30 za kutikisa kapu juu ya karai, chipsi zikiwa bado zinachemka, zina thamani kuliko karatasi yoyote ya kupangusia. Anayezimwaga moja kwa moja kwenye trei na kuzirundika amezifungia mafuta ndani.

Hata hivyo, mara nyingi kosa la mafuta huanza na pupa. Chipsi baridi zikimiminwa nyingi kwa mara moja, mafuta hushuka kutoka nyuzi 180 hadi chini ya 150, mvuke hupungua, na chipsi hulala ndani ya mafuta yasiyoikaanga. Kwa lita tano za mafuta, gramu 600 hadi 700 za chipsi zinatosha. Anayetumia makaa apunguze zaidi, kwa sababu jiko la makaa huchelewa kurudisha joto lililopotea. Chipsi zilizotoka majini zikaushwe kwa kitambaa safi, kwani kila tone la maji huiba joto na kuchosha mafuta.

Kipimajoto cha mafuta ni kifaa ninachomsihi kila mwenye kibanda akinunue kabla ya kununua bango la rangi. Asiye nacho achovye ncha ya mwiko mkavu wa mbao: mapovu madogo yakipanda polepole, mafuta yanafaa kwa mkaango wa kwanza, yakichemka kwa kishindo pande zote za mwiko, yanafaa kwa wa pili, moshi ukionekana, zima jiko.

Mafuta yanayotoa povu, moshi au harufu

Mafuta ya mawese yanayouzwa kwa mitungi ya lita 20 huvumilia joto vizuri, lakini hakuna mafuta yasiyochoka. Maji ya viazi huyavunjavunja, hewa huyachachisha, na makombo yanayoungua chini huyatia uchungu. Mafuta yaliyochoka hutoa povu linalopanda na kukataa kushuka, hutoa moshi kwenye joto ambalo jana hayakutoa, na huacha utando wa njano unaonata kwenye ukingo wa karai. Utando huo ndio dalili ninayoiamini zaidi; rangi peke yake hudanganya. Yakifika hapo, yamwage, wala usiyachanganye na mapya kwa matumaini ya kuyaponya, kwa kuwa machakavu huyachakaza mapya.

Ili yadumu, yachuje kila jioni yakiwa ya uvuguvugu, yafunike, na usitie chumvi chipsi zikiwa juu ya karai. Mtu akifungua mtungi mpya akaona chipsi za kwanza zimepauka, asiogope, kwani mafuta mapya kabisa hayashiki rangi vizuri. Kikombe cha mafuta ya jana yaliyochujwa na yaliyo bado mazima hurekebisha hali hiyo. Jambo moja sitalipita haraka: mafuta ya bei ya ajabu, yasiyo na lebo, yanayoletwa usiku, yasinunuliwe kamwe. Nchini mwetu onyo limetolewa mara nyingi kuhusu mafuta yanayoibwa kwenye transfoma za umeme na kuuzwa kwa wakaangaji. Hayachakai upesi, na hilo ndilo linalowashawishi wengine. Ni sumu kwa anayekula na kwa anayesimama juu ya moshi wake siku nzima.

Kushikamana, kuvunjika na kuwa kijivu

Chipsi zinazoshikamana hazikuoshwa wanga wa juu. Badilisha maji mpaka yawe maangavu, nusu saa yatosha. Kuzilaza majini usiku kucha ni kosa jingine, kwani hunywa maji na kupoteza ladha. Viazi vilivyomenywa tayari na kukaa ndani ya pipa sokoni tangu alfajiri vina shida hiyohiyo. Zinazovunjika zimechemshwa kupita kiasi kabla ya kukaangwa, na kijiko kimoja cha siki katika kila lita ya maji ya kuchemshia husaidia zishikane. Siki hiyo huzuia pia rangi ya kijivu inayotokea baada ya kuchemsha, ambayo husababishwa na madini ya chuma yaliyomo ndani ya kiazi na haina madhara.

Chipsi isiyo na ladha, na chipsi iliyofungwa

Chumvi inayodondoka chini ya sahani ni chumvi iliyochelewa au iliyo nene. Tumia iliyosagwa laini, na uinyunyize ndani ya nusu dakika baada ya kutikisa kapu, wakati uso bado una utando mwembamba wa mafuta wa kuishikilia. Chipsi ikishakauka, hata ukiongeza mara tatu, chumvi haitashika.

Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017, wengi wetu tulihofia gharama, lakini kwa chipsi ilikuwa faida, kwa sababu karatasi ya kaki hupitisha mvuke ambao plastiki iliufungia. Faida hiyo hupotea mtu anapokunja mdomo wa mfuko mara tatu na kuubana. Mteja anayepanda boda kuelekea Lanet humpa mfuko wenye mdomo wazi na matundu mawili ya kisu ubavuni, na sosi pamoja na kachumbari huzifunga kando, azimwagie mwenyewe akifika.